Mkwawa Hakuuzwa

Haya ndiyo niliyoyasema mjini Iringa, mbele ya wazee, walimu wa historia na wanafunzi wa sekondari, juu ya Mkwawa, Mtwa (yaani mtawala) wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Wapo waliotamani kufika wakashindwa, wakaniomba niyaandike. Nimeyaweka kama yalivyotoka mdomoni.

Wazee wangu, kamwene. Walimu wenzangu, kamwene. Wanafunzi, kamwene.

Naomba nianze kwa kuwauliza. Ni nani humu ndani amewahi kufika Kalenga akaliona fuvu la Mtwa Mkwawa? Nyosheni mikono juu, tuione. Naam, ni wengi. Shusheni. Sasa nauliza tena. Ni nani anayeweza kunitajia jina la mtu mmoja, mmoja tu, aliyempelekea Mkwawa chakula porini kati ya mwaka 1894 na mwaka 1898?

Mmenyamaza. Mimi nami sina hata jina moja la kuwapa, na hilo ndilo lililonileta mbele yenu. Kwa sababu mtu huyo tusiyemjua jina ndiye aliyemfanya Mkwawa awe Mkwawa. Bila yeye tungekuwa na mtawala aliyeshinda vita moja, akashindwa vya pili, akakamatwa, akanyongwa, habari ikaisha. Watawala wa namna hiyo ni wengi katika historia ya bara hili, na wengine walikuwa mashujaa wa kweli. Lakini Mkwavinyika Munyigumba Mwamuyinga, huyu tunayemwita Mkwawa, amepita hapo. Amekuwa alama ya uhuru wa nchi nzima, hata kwa watu ambao babu zao hawakuwahi kuikanyaga ardhi ya Uhehe. Ilikuwaje?

Tuanze Lugalo, maana mtu akianza habari hizi mahali pengine wazee wa hapa watamdai Lugalo kabla hajamaliza salamu.

Tarehe 17 Agosti 1891. Safu ndefu ya jeshi inapita kwenye njia nyembamba, kushoto kichaka, kulia mawe. Anayeiongoza ni Emil von Zelewski, kamanda wa majeshi ya Wajerumani katika Afrika Mashariki, ambaye watu walimpachika jina la Nyundo. Huyu hakuwa mgeni nchini. Miaka mitatu kabla, mwaka 1888, alikuwa Pangani akifanya kazi ya kampuni ya Wajerumani, na ubabe wake pale ni miongoni mwa mambo yaliyowachukiza watu wa pwani hata wakanyanyuka pamoja na Abushiri bin Salim. Sasa amepanda bara. Ana maofisa wenzake wa Kijerumani, ana askari zaidi ya 300, ana wapagazi, ana mizinga na bombomu, yaani bunduki za rashasha, zilizofungwa juu ya punda. Huko alikopita ameacha makazi ya watu yakiungua.

Kichakani wamelala Wahehe, mikuki mkononi. Wamekaa kimya wakingoja ishara, na ishara ni mlio wa bunduki. Inasimuliwa kwamba aliyeitoa ishara ile ni adui mwenyewe: ofisa mmoja alimwona ndege, akainua bunduki, akampiga. Mlio ukasikika. Kichaka kizima kikasimama.

Vita vile havikuchukua muda. Mizinga ilikuwa bado imefungwa juu ya punda. Askari wengi hawakupata nafasi ya kufyatua zaidi ya mara moja au mbili. Zelewski mwenyewe alichomwa mkuki akiwa juu ya punda wake, na masimulizi yanasema aliyemchoma alikuwa kijana mdogo, wa umri wenu ninyi wanafunzi. Zaidi ya askari 200 walilala pale, na Wajerumani kadhaa pamoja nao. Wahehe waliondoka na bunduki zipatazo 300. Aliyeongoza shambulio, kwa masimulizi ya wengi, ni Mpangile, ndugu yake Mkwawa. Jina hilo liwekeni akilini, tutalirudia.

Nakiri moyo wangu unajaa kila ninapopita pale kando ya barabara kuu iendayo Morogoro. Nani asingejaa moyo? Lakini nawaomba walimu wenzangu tusiishie Lugalo. Ninasahihisha madaftari ya wanafunzi, naona wengi wanaishia hapo: Mkwawa aliwapiga Wajerumani, nukta. Kushinda vita peke yake hakumfanyi mtu kuwa alama ya uhuru. Zelewski naye alikuwa ameshinda vita vingi kabla ya siku ile.

Sasa nitasema jambo ambalo huenda likawakera baadhi yenu, na nawaomba radhi wazee, lakini siwezi kulipita.

Mkwawa hakuwa malaika. Munyigumba, baba yake, aliziunganisha koo nyingi za nyanda hizi kuwa nguvu moja, na hakuziunganisha kwa maneno matupu. Alipofariki mwaka 1879, mwanawe alipigania kiti mpaka akakipata, kisha akaupanua utawala kwa mkuki. Wasangu wa Merere walisukumwa wakaiacha nchi yao. Wagogo walivamiwa. Wabena walivamiwa. Misafara ya biashara ilitozwa hongo au ikaporwa. Wajerumani walipokuja, Merere wa Usangu alisimama upande wao. Tunaweza kukaa hapa tukamwita msaliti mpaka jua lizame, lakini tujiulize kwanza: ni nani alikuwa amemfukuza nyumbani kwake?

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza darasani, tena kwa adabu kabisa. Alisema, "Mwalimu, sisi ni Wasangu. Babu zetu walikimbia mikuki ya Mkwawa. Je, na kwetu pia ni shujaa?" Darasa likacheka. Mimi sikucheka, maana lile lilikuwa swali bora kuliko yote niliyoulizwa mwaka ule.

Nilimjibu hivi, nanyi mtapima kama nilijibu sawasawa. Mwaka 1891 hapakuwa na Tanzania. Hapakuwa hata na Tanganyika. Jina hilo nchi hii ilipewa na Waingereza mwaka 1920. Mkwawa alipigania Uhehe, alipigania kiti chake, alipigania heshima ya baba yake. Hakutupigania sisi, kwa sababu hakutujua. Sisi ndio tuliomchagua, baadaye, tulipokuwa tunatafuta watu wa kutuonyesha kwamba nchi hii haikukubali kutawaliwa kwa hiari. Na mtu akichagua ana wajibu wa kusema amechagua nini. Hatukuchagua uvamizi wake dhidi ya Wasangu. Hatukuchagua mifugo ya Wagogo aliyoichukua. Tulichagua kukataa kwake. Tulichagua ile miaka minne ya mwisho, alipokuwa hana boma, hana jeshi, hana ng'ombe, na bado hakusalimu amri.

Kwa hiyo kijana wa Kisangu anaruhusiwa kumheshimu Mkwawa bila kumsahau babu yake. Na kijana wa Kihehe anaruhusiwa kujivunia Mkwawa bila kuwaficha wale walioumia. Tukiwanyima vijana wetu nafasi hiyo, tutakuwa tumewapa sanamu badala ya historia, na sanamu haijibu swali la mtoto.

Ile miaka minne sasa. Hapa ndipo nataka tukae.

Baada ya Lugalo, Wajerumani walijua kwamba wakimwacha Mkwawa, kila mtawala wa bara ataiga. Walijipanga kwa miaka mitatu. Mwezi Oktoba 1894, Gavana Friedrich von Schele alifika Kalenga na jeshi kubwa. Boma la Kalenga lilikuwa na ukuta wa mawe ambao watu waliamini hauvunjiki. Mizinga ikalipiga, na tarehe 30 Oktoba askari wakapanda ukuta, wakapigana nyumba kwa nyumba mpaka wakaliteka. Aliyekuwa mstari wa mbele ni Tom von Prince, yule ambaye Waswahili walimwita Bwana Sakarani.

Wakaingia. Wakapekua. Mkwawa hayupo.

Hapo ndipo hadithi ya kawaida ya vita ingekwisha. Mji mkuu umetekwa, hazina ya baruti imetekwa, mtawala amekimbia na watu wachache. Wajerumani walidhani ni suala la wiki kadhaa. Ndugu zangu, ilichukua karibu miaka minne! Prince alijenga kituo hapa Iringa mwaka 1896, hapa hapa kwenye mji tuliokaa, kwa ajili ya kumtafuta mtu mmoja. Mji huu ulizaliwa kutokana na kumwinda Mkwawa. Tunaposema "mjini" tukumbuke mji ulianza kwa kazi gani.

Tazameni walivyomtafuta. Doria zilipita usiku na mchana. Vijiji vilivyoshukiwa kumlisha vilichomwa. Nafaka iliteketezwa, mifugo ikachukuliwa. Na miaka hiyo ilikuwa tayari miaka mibaya, kwa sababu sotoka ilikuwa imeua ng'ombe wengi katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Njaa ilikuwa mlangoni kabla askari hajabisha hodi. Wanzagila wengi, wale waliokuwa wakisimamia sehemu mbalimbali za nchi kwa niaba ya Mtwa, walifika bomani kusalimu amri. Mchana walikuwa raia wema wa Bwana Sakarani. Usiku habari za doria zilimfikia Mkwawa kabla ya doria yenyewe. Askari wakawa wanafika kwenye kambi wanakuta majivu bado yana moto, chakula kimeachwa, mtu hayupo.

Wajerumani wakajaribu njia nyingine. Wakamchukua Mpangile, yule wa Lugalo niliyewaambia mumweke akilini, wakamsimika awe mtawala wa Wahehe, mwishoni mwa mwaka 1896. Walitumaini watu wakipata Mtwa mwingine watamsahau wa kwanza. Haikupita hata miezi mitatu, wakamnyonga. Walimshuku kwamba anamsaidia ndugu yake kwa siri. Mimi kila nikifika kwa Mpangile nasita. Alisaidia kweli au hakusaidia? Wajerumani waliamini hivyo, wakamuua kwa hilo. Mtu aliyeongoza ushindi mkubwa kuliko wote wa nyanda hizi, kisha akavishwa kilemba na adui, kisha akapandishwa kitanzini na adui yuleyule, sisi tumempa nafasi gani katika masimulizi yetu? Shule ngapi zina jina lake?

Mpangile aliposhindwa kuwafaa, ikaja fedha. Rupia 5,000 kwa atakayemleta Mkwawa, hai au mfu.

Vijana, nataka mpime uzito wa fedha hiyo. Mwaka 1898 Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba. Vijijini ilikuwa rupia 3 kwa nyumba kwa mwaka, na rupia 3 hizo ziliwatoa watu makwao wakaenda kufanya kazi ya kuchosha kwenye mashamba ya mbali ili tu wazipate. Sasa gawanyeni 5,000 kwa 3. Ni kodi ya mwaka mzima ya nyumba zaidi ya 1,600! Na fedha hiyo inaonyeshwa kwa nani? Inaonyeshwa kwa mama ambaye ghala lake limechomwa. Inaonyeshwa kwa baba ambaye ng'ombe wake wamechukuliwa. Anaambiwa: sema tu yuko wapi.

Je, walisema?

Mama yule alijua. Hakusema.

Mchungaji aliyekutana naye mtoni alijua. Hakusema.

Mnzagila aliyekunywa na askari bomani alijua. Hakusema.

Mkwawa hakuuzwa. Nchi ilikuwa na njaa, na Mkwawa hakuuzwa. Nyumba zilichomwa, na Mkwawa hakuuzwa. Fedha ya nyumba 1,600 ilikuwa mezani, na Mkwawa hakuuzwa.

Ndiyo maana nilianza kwa kuwauliza jina. Tunamjua Zelewski. Tunamjua Prince. Tunamjua von Schele. Tunamjua hata sajenti aliyeikuta maiti. Wote hao waliandika, na sisi tumewasoma. Lakini wale waliobeba unga gizani, wale waliochunga njia, wale waliojibu "sijui" mbele ya kiboko, hao hawakuandikwa popote. Walimu, nawaomba kazi moja. Wapeni wanafunzi wenu likizo hii wawaulize mababu na mabibi kule vijijini: nani katika ukoo wetu alimficha, alimlisha, alipeleka habari? Watakaoleta jina, waandike jina na kijiji na aliyewasimulia. Yatakuja majina ya kweli na yatakuja ya kubuni. Kupembua ni kazi yetu tuliosomea. Lakini tusipoyaokota sasa, wale wazee wanaoyakumbuka kwa kupokea kutoka kwa babu zao watakuwa wameondoka nayo.

Mwisho wa Mkwawa mnaujua. Tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi. Alikuwa mgonjwa, amebaki na watu wachache mno. Doria ya Sajenti Merkl ilimkamata kijana aliyekuwa pamoja naye, na kijana akasema alikomwacha. Walipokaribia waliona watu wawili wamelala. Merkl akafyatua risasi, wakasogea, wakakuta anapiga maiti. Mkwawa alikuwa amejimaliza mwenyewe kwa bunduki yake.

Kuhusu yule kijana, sitamwita msaliti. Alikamatwa na watu wenye bunduki baada ya miaka minne ambayo watu wazima kuliko yeye walikuwa wamechoka na kufa. Anayetaka kumhukumu akae kwanza porini na njaa na homa, kisha arudi tuzungumze.

Merkl alikikata kile kichwa akakipeleka kwa Prince. Mwili ulizikwa kule kule Mlambalasi. Kichwa kikapelekwa Ujerumani.

Na hapa inaanza hadithi ya pili, ambayo kwangu ni ya ajabu kuliko Lugalo. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, mataifa makubwa yalikutana Ufaransa kuandika mkataba wa amani, Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919. Ni mkataba wa kugawa nchi, kulipa fidia, kupunguza majeshi. Fungueni kifungu cha 246. Mtakuta Ujerumani inaamriwa ndani ya miezi sita ikabidhi kwa serikali ya Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa! Wafalme wa Ulaya wanaanguka, mipaka inachorwa upya, na katikati ya hayo yote kuna sentensi kuhusu kichwa cha mtu wa Kalenga. Waliokiomba ni Waingereza waliokuwa wamechukua nchi, wakijua kwamba atakayekirudisha atapata sikio la Wahehe. Walijua nguvu ya kichwa kile. Walijua kabla yetu.

Wajerumani walijibu kwamba hawana habari nacho. Miezi sita ikapita. Ikapita miaka kumi, ishirini, thelathini. Ikaja vita ya pili ikapita. Ni hapo miaka ya 1950 ndipo Gavana wa Tanganyika, Sir Edward Twining, alipokifuata kwenye jumba la makumbusho mjini Bremen. Alikuta mafuvu mengi kwenye makabati. Walitafuta lenye tundu la risasi, wakalipima, wakalinganisha vipimo na vya ndugu wa ukoo walio hai, wakachagua moja. Katikati ya mwaka 1954 likakabidhiwa Kalenga kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, mbele ya maelfu ya watu.

Mzee mmoja alinishika mkono pale mlangoni kabla hatujaanza, akaninong'oneza: "Mwalimu, lile fuvu ni lake kweli?" Mzee wangu, najibu mbele ya wote. Vipimo vya mwaka 1954 vilikuwa vipimo vya mkono tu; haviwezi kutupa uhakika ambao vipimo vya leo vya vinasaba vinaweza kuutoa. Kuamua kama vifanyike au visifanyike ni haki ya ukoo wa Mkwawa, si yangu wala si ya serikali peke yake. Lakini watu waliosimama Kalenga siku ile walimpokea baba yao, wakamlilia, na kulia kule kulikuwa kwa kweli.

Twining alitarajia nini? Alitarajia shukrani. Alitaka Wahehe waione serikali ya Malkia kuwa ndiyo iliyowarudishia heshima yao. Lakini angalieni mwaka. Ni 1954. Tarehe 7 Julai mwaka huohuo, Dar es Salaam, kilizaliwa chama cha TANU. Gavana anarudisha fuvu la mtu aliyekataa kutawaliwa na Wazungu, na majira hayohayo watu wanaunda chama cha kukataa kutawaliwa na Wazungu. Twining aliendelea kukipinga chama hicho kwa miaka yote aliyobaki. Lakini alikuwa ameshaturudishia kitu ambacho hakuweza kukichukua tena.

Na Mwalimu Nyerere alielewa. Mwaka 1956, mbele ya Umoja wa Mataifa, aliikumbusha dunia kwamba watu wa nchi hii walipigana na Wajerumani, na kwamba walinyanyuka katika Maji Maji kwa sababu ya ile hamu ya kila binadamu kuwa huru. Nyerere hakuwa Mhehe, hakuwa Mngoni, hakuwa Mmatumbi. Alitoka Butiama, upande wa pili wa nchi. Hapo ndipo mashujaa wa makabila walipoanza kuwa mashujaa wa taifa: mtu wa Butiama alipowasemea kana kwamba ni babu zake mwenyewe.

Baada ya uhuru likatokea jambo ambalo sijui kama tunalipa uzito wake. Adam Sapi Mkwawa, mjukuu, akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Spika wa Bunge letu. Babu alikufa porini asipokee amri ya mtu yeyote. Mjukuu akakaa kwenye kiti cha kuwaruhusu watu wa kila kabila kusema na kupingana bila mkuki. Wasangu walikuwa na sauti mle ndani. Wagogo walikuwa na sauti. Yule mwanafunzi wangu aliyeuliza swali, kama angenipa muda, ningemalizia jibu langu kwa Adam Sapi.

Leo jina lipo kila mahali. Kambi ya jeshi Dar es Salaam inaitwa Lugalo. Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu hapa mjini kinaitwa Mkwawa. Jiwe la Gangilonga, pale ambapo inasemwa Mtwa alikuwa akienda kuketi na kutafakari, vijana wanapanda jioni kupiga picha. Sina ubaya na picha. Panda, piga. Ila ukiwa juu, tazama mji wote ulio chini yako, ujiulize kama wewe ungeonyeshwa rupia 5,000 ungejibu nini. Siku hizi hazitaitwa rupia. Zitaitwa nafasi ya kazi, zitaitwa posho, zitaitwa kiwanja. Na utakayeombwa kumuuza hatakuwa Mtwa. Atakuwa jirani, atakuwa ardhi ya kijiji, atakuwa msitu, itakuwa kura yako.

Nimalizie na wenzetu wa Songea na wa Moshi, maana tukizungumza Mkwawa kana kwamba yuko peke yake tunawakosea.

Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Old Moshi, alinyongwa na Wajerumani mwezi Machi 1900. Masimulizi ya kwao yanasema kichwa chake kilichukuliwa. Mjukuu wake amezeeka akikitafuta. Nduna Songea Mbano, jemadari wa Wangoni aliyeupa mji wa Songea jina lake, alinyongwa mwaka 1906 katika Maji Maji, na kichwa chake pia inasemwa kilipelekwa Ujerumani. Hawa hawakuandikwa katika mkataba wowote. Hakuna kifungu cha 246 kwa ajili yao.

Mwezi Septemba 2023 watafiti mjini Berlin walitangaza kwamba wamechunguza mafuvu yapatayo 1,100 yaliyochukuliwa katika iliyokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Mengi yalitoka Rwanda, na karibu 200 yalitoka kwetu. Kwa vipimo vya vinasaba, machache ya Uchagani yalipatana na watu walio hai, wajukuu na vitukuu wanaolima na kufundisha na kusali Kilimanjaro leo hii. Kichwa cha Meli hakikuwamo. Tarehe 1 Novemba mwaka huohuo, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akasimama mbele ya familia ya Mbano, akaomba msamaha, na akaahidi kwamba watajitahidi kukitafuta kichwa cha Nduna.

Kwa hiyo safari ya kurudi inaendelea, na ninyi wa Kalenga mna kitu ambacho wenzenu hawana. Mmekwisha kupokea. Mnajua nyumba ya kuweka fuvu hujengwaje na nani anapaswa kukaa na ufunguo. Mnajua ukoo na serikali wanavyokubaliana na wanavyokosana. Mnajua mila ipi ilifanyika mwaka 1954 na ipi ilisahaulika ikaleta maneno. Wazee wangu, andikeni hayo. Mwandikie mzee mwenzako wa Songea, mwandikie wa Old Moshi, muwaambie mlifanyaje na mngetaka mngefanyaje. Walimu tupo, tutashika kalamu mkisema. Tukutane Kalenga Jumamosi ijayo saa nne asubuhi, na kila ukoo utume mtu mmoja.

Asanteni sana.